Maji Mita Moja Juu ya Mchanga

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Kompyuta mpya imefika ofisini. Mpya! Sanduku limepigwa rangi upya, huo ndio upya wake. Bwana Ndambuki amelizunguka mara tatu, mikono nyuma, kama anachagua fahali mnadani. Injinia mzima, miaka ishirini ya mabwawa na madaraja, leo anauliza kama "inaweza kutoa picha inatembea".

Kisa ni wageni wa shirika, hao watakaotoa simenti ya bwawa la mchanga kule kwetu Mwala. Wamesema ramani zangu hawazielewi. Miaka sita nachora kwa wino, mstari hautetemeki, na hawazielewi. Wanataka kuliona bwawa kabla halijajengwa. Wanunue miwani!

Aliyeileta kompyuta ni Kiragu, mwenye duka la kompyuta karibu na stendi. Ana ulimi huyo! Akafungua sanduku, akatoa kadi ya grafiki, megabaiti sitini na nne, ameishika kwa ncha za vidole kama padre na hostia. "Hii, Kamene, ni kompyuta ndani ya kompyuta." Nikamwuliza inafanya nini. "Inachora."

Na mimi tangu tisini na saba nimekuwa nikifanya nini hapa, kupika muthokoi?

Jumatano, 6 Agosti

Nimembana Kiragu anieleze kadi inavyofanya kazi. Nilitarajia hajui. Anajua, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kadi haijui mto. Haijui jiwe wala mti. Inajua nukta na pembetatu, basi! Nukta tatu, pembetatu moja. Ukishona pembetatu elfu kadhaa ubavu kwa ubavu, unapata mto na kingo zake, kama shangazi Ngina anavyopata kiondo kwa kurudia fundo moja. Na nukta zenyewe ni zangu. Zile nilizopima Juni kwa darubini ya vipimo, jua la Mwala likinichoma kisogo. Kila nukta ina namba tatu: kulia au kushoto, mbele au nyuma, juu au chini. Mia sita na arobaini, nimezichapa moja moja. Kibati kinakula jasho langu halafu kinasifiwa.

Kisha unaweka jicho. Jicho la kuwazia tu, unasema nimesimama hapa, natazama kule. Kadi inachukua kila nukta na kupiga hesabu: ukitazama kutoka hapo, hii itaangukia wapi kwenye kioo? Za mbali zinabanwa, za karibu zinapanuka. Hilo nilifundishwa chuoni kwa rula na uzi, nyumba moja jioni nzima. Hii inapiga nukta zote mara thelathini kwa sekunde moja, na ukisogeza jicho kidogo inatupa picha nzima na kuanza upya. Hainung'uniki.

Nilikunywa chai.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimeijua siri yake. Ni mvivu!

Pembetatu ikikupa mgongo, haichorwi. Nyuma ya jiwe hamna kitu. Ndani ya jiwe hamna kitu. Ni ngozi tupu. Ni maduka yetu ya barabara kuu hasa: mbele rangi inang'aa, nyuma mabati ya kutu na choo. Na watu wanaiita sayansi.

Zinazobaki zinajazwa rangi punje kwa punje. Hapa, nakubali, kuna akili. Kila punje ya skrini ina daftari yake ya umbali. Pembetatu ikija kudai punje ile, kadi inauliza: wewe uko umbali gani na jicho? Ukiwa karibu kuliko aliyeandikwa, unamfuta na kukaa wewe. Ukiwa mbali, toka. Haijali nani alifika kwanza wala nani ni binamu ya nani. Foleni ya haki namna hiyo mimi sijaipanga katika mji huu.

Halafu nguo. Tumepiga picha mchanga wa ujenzi ulio nyuma ya ofisi, Kiragu akaiskani picha, na kadi ikauvika mto mzima. Mchanga wa uani hapa mjini ukijifanya wa Mwala! Mwisho jua: unaiambia limesimama wapi, na kila pembetatu inang'aa kadiri inavyolielekea. Kingo zikapata kivuli. Mkuyu ulio ukingo wa kushoto ukapata kivuli.

Nilisahau kwenda kula.

Jumanne, 12 Agosti

Ndambuki amesimama nyuma yangu, ananipumulia shingoni. "Na maji iko wapi?"

Injinia wa mabwawa! Mtu wa Mwala amweleze: bwawa la mchanga halionyeshi maji. Ukuta unazuia mchanga unaoletwa na mafuriko, mchanga unayaficha maji tumboni, jua haliyanywi, ng'ombe hawayachafui. Ukiyataka unachimba kithima, kisima kifupi cha mchangani, unateka. Mtoto wa chekechea kwetu anajua hayo. Akasema anajua pia, lakini wageni hawatapigia makofi mchanga. "Weka maji, Kamene. Ya bluu."

Nimeweka. Ziwa lote ni pembetatu mbili! Hata jiwe moja lina nyingi zaidi. Nikayalaza pale pale juu ya mchanga uliojaa, kwa urefu ule ule, maana nina adabu ya vipimo. Balaa! Skrini ikaanza kumeta mistari, bluu, kahawia, bluu, kahawia, kila nikisogeza jicho. Kiragu akacheka mpaka akakaa. Nyuso mbili zikiwa umbali mmoja, ile daftari haijui nani yuko mbele. Punje hii inachukuliwa na mchanga, ya jirani na maji. "Inua maji kidogo tu, itanyamaza."

Sentimita kumi: bado. Nusu mita: ukienda mbali bado. Mita moja, kimya. Maji yametulia, mkuyu unajiona ndani yake.

Ni mazuri. Mimi ndiye niliyeyafanya, na nimeyatazama mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 15 Agosti

Wamepiga makofi. Mmoja alinyoosha kidole aguse skrini, nusura nimpige kofi la mkono. Wanatoa simenti! Ila wanataka kwanza idhini ya maandishi ya wenye kingo zote mbili, ifike kwao Jumatatu tarehe mosi Septemba. Ikikosekana, simenti inakwenda kwa kikundi kingine Yatta, kwa sababu ukuta lazima ukauke kabla ya mvua ya Novemba. Hakuna mwaka huu tena kwa Mwala.

Idhini ni kitu kidogo. Ukingo wa kulia ni wa kanisa, wametia saini. Wa kushoto ni wa mzee Kitheka, naye alikubali kwa mdomo Juni mbele ya naibu wa chifu.

Ndambuki amechapisha picha kubwa ya rangi, akaivisha plastiki, akampa shangazi Ngina aipeleke nyumbani. Shangazi ndiye mwenyekiti wa mwethya wa akina mama. Tangu Juni wanabeba mawe kila Jumanne na Alhamisi, bila kulipwa, leo lako kesho langu, kama mwethya ulivyo. Rundo limepita urefu wa mtu.

Vipimo vyangu hakuna aliyeviuliza.

Jumapili, 17 Agosti

Mwala. Baada ya ibada picha ilipitishwa mkono kwa mkono. Akina mama waliicheka kwa furaha. "Ĩĩ! Maji mingi hivi! Na ni hapa kwetu?"

Hawa wameteka kwenye mchanga tangu kuzaliwa. Wanajua maji hukaa wapi. Lakini picha imetoka kwa kompyuta, basi kompyuta imeona zaidi yao! Mmoja alisema labda hii ni aina mpya, ya kisasa. Mwingine anataka kufuga bata. Bata!

Moyoni nikawaita wapumbavu. Mdomoni sikusema kitu, kwa sababu walikuwa wanasema ni Kamene wetu ameifanya. Shangazi ameitundika ukutani kando ya kalenda ya kanisa.

Jumatano, 20 Agosti

Kitheka amekataa!

Shangazi amepiga simu ofisini kutoka dukani, anapiga kelele kana kwamba waya haufiki. Kitheka alikwenda kwake kuiona picha. Akasimama mbele yake. Akauliza mkuyu huu ni ule wake. Ndiyo. Akahesabu mizizi kwa kidole. Halafu akasema maji yanapita mizizi yote ya mkuyu, na hatua tatu juu ya mkuyu ndipo alipolala mama yake. "Mimi mlinidanganya Juni. Sitaweka kidole. Mama hazikwi mara mbili."

Ndambuki anasema ni ushamba, mtu kuogopa karatasi. Kiragu anasema atafute kitu kingine cha kulilia. Na mimi niliongeza langu: huyo alizoea kushika spana, picha ataijulia wapi? Tulicheka sote watatu.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimefungua daftari yangu ya vipimo ili nimwaibishe Kitheka.

Nukta ya 212. Mwandiko wangu: "kaburi, usikanyage". Iko sentimita sabini juu ya mahali mchanga utakapofika bwawa likijaa. Sabini! Salama kabisa. Na maji yangu niliyainua mita moja.

Kaburi liko chini ya maji kwa sentimita thelathini. Halikuonekana kwenye picha kwa sababu sikulichora. Nilipochapa namba nilichukua nukta, maneno nikaacha. Kadi ikauliza nani yuko karibu na jicho, maji yakajibu, ikampaka mama wa watu bluu.

Kitheka hana darubini. Alihesabu mizizi ya mkuyu tu, akapata jibu sahihi. Mimi mtoto wa Mwala niliweka ziwa mahali ambapo najua hakuwezi kuwa na ziwa, kisa linameta vizuri. Mpumbavu ni mimi. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Nimemwambia Ndambuki. Akasema nitume mtu aeleze kwamba maji ni urembo tu. Urembo! Nimekataa. Tutakwenda na mashine yenyewe, aione picha ikiwa imesahihishwa.

Jumatatu, 25 Agosti

Mwethya haukutoka Alhamisi. Shangazi alipiga filimbi, wakaja watatu, wakasimama, wakarudi. Hakuna atakayebeba jiwe la kumzamisha mama yake Kitheka. Ndiye aliyekuwa akiwaimbisha kazini. Kila mmoja wao alijifunzia kubeba mzigo nyuma ya sauti yake. Na yule aliyetaka bata amemlaumu shangazi kwa sababu yangu, mbele za watu, dukani.

Nimefuta maji. Kubonyeza mara moja tu. Nimelichora kaburi na msalaba wake wa simenti: pembetatu thelathini na mbili. Ziwa lote lilikuwa mbili!

Sasa picha ni mchanga mtupu. Ni ya kweli na ni mbaya.

Ijumaa, 29 Agosti. Mtoni, Mwala

Naandika haya nimeketi mtoni, daftari gotini, mikono imechubuka. Wino unaingia mchanga.

Tulifika saa nne, mimi na Kiragu. Pikapu ya Ndambuki, jenereta ya kanisa, skrini nzito kama jiwe la kusagia nimeipakata njia nzima. Ndambuki mwenyewe hakuja, ana mkutano. Wanaume wa mikutano! Tuliweka mashine nyuma ya pikapu, turubai juu, maana jua la hapa linaifuta picha. Akina mama kama ishirini walisimama mbali kidogo.

Kitheka alikuja na koti na futi ya chuma mfukoni. Tulimcheka kwa spana, nami nikasahau kwamba kuchonga vyuma kiwandani Athi River miaka kumi na nane ni kazi ya vipimo. Nilimsalimu kwa heshima zote, kama baba, nikasema, "Tata, mimi ndiye nilikosea." Hakuniambia yaishe. Akasema, "Onyesha."

Nikamwonyesha mchanga, mkuyu, kaburi likiwa juu, pakavu. Akatazama.

"Kwanza mlileta maji mingi. Sasa mmetoa yote. Hiyo ya ukweli ni gani?"

"Hii, tata. Maji yatakuwa ndani ya mchanga."

"Ndani. Basi nipeleke ndani."

Akashika mausi mwenyewe. Kiragu akaruka kumzuia, nikamkata jicho. Kitheka ana mkono mtulivu. Baada ya dakika mbili alikuwa anatembeza jicho kama mtu aliyezaliwa nalo. Akashuka ukingo. Akafika mtoni. Akasukuma zaidi, jicho likapenya mchanga likaingia chini yake.

Nilijua kitakachotokea, nikachelewa kusema. Ukiwa chini, mchanga wote unakupa mgongo. Na kinachokupa mgongo hakichorwi. Mto ukatoweka. Kukabaki mbingu ya bluu, juu, chini, pande zote, na msalaba wa kaburi unaelea peke yake.

Akina mama walikuwa wamesogea. Mmoja alishika mdomo.

"Kwa hivyo chini ya mchanga," Kitheka akasema polepole, "ni mbingu."

Kiragu akaanza! Pembetatu, migongo, uvivu wa kadi, maneno yote niliyoyatolea macho siku ile. Hapa mtoni yalisikika kama mtu anayejitetea kwa polisi. Kitheka alimsikiliza mpaka mwisho. Adabu hiyo sisi hatukuwa nayo.

"Nimeelewa. Hii mashini haijui ndani ya kitu."

"Haijui," Kiragu akasema.

"Na wewe?" Ananitazama mimi. "Mtoto wa hapa. Wewe unajua?"

Nikasema najua.

"Onyesha."

Nikazima jenereta. Nikatoa darubini, nikapima, nikapigilia kigingi ukingoni mahali mchanga utakapofika, nikakifunga kitambaa chekundu. Kitheka akatoa futi, akapiga goti kando ya mama yake akishika ncha ya uzi, akanifanya niunyooshe usawa hadi juu ya kigingi, kisha akapima mwenyewe kutoka kigingi hadi uzi. "Sabini na moja. Umekosea sentimita moja." Nilitaka kulia, sijui kwa nini hapo na si kwingine.

Akashuka mtoni akasimama katikati. "Huo ni mchanga, nimekubali. Sasa maji. Kama haiko chini, hawa wamama wanabeba mawe ya bure. Na kama iko juu, mnazamisha mama. Hata huyu kijana wa kompyuta asiniambie. Niko na macho."

Juni nilichomeka nondo hapa. Mita mbili na nusu chini ilitoka na unyevu, mita tatu ikagonga mwamba. Imeandikwa. Lakini kuandikwa si kitu leo. Hata ziwa liliandikwa. Mwaka huu mvua zilikuwa haba, na tangu Juni hakujanyesha tone. Kama maji yameshuka, sina jibu lingine. Nikavua viatu, nikachukua sepetu kwenye pikapu, nikaanza.

Niliona aibu kuchimba peke yangu mbele ya watu ishirini. Mchanga mkavu hauna shukrani, ukitoa karai moja, mawili yanateremka. Kiragu alisema ana mgongo. Anao mgongo, ndiyo maana haonekani! Nilifika kiunoni nikiwa na malengelenge, na shimo likaniangukia nusu.

Ndipo shangazi Ngina akashuka. Akafunga leso kiunoni, akashika karai. Akaanza wimbo wa mawe, peke yake, sauti imepasuka. Wa pili akashuka yule wa bata, na akanipita bila kunitazama. Sasa wako tisa. Tunapokezana, wawili ndani, wengine wanatoa mchanga. Wengine bado wako juu, wamekunja mikono.

Kitheka alikwenda nyumbani kwake. Nikasema basi, ameondoka. Akarudi na kitete, kibuyu cha kutekea maji, cha zamani, ufa wake umeshonwa kwa katani. Akakiweka kwenye mchanga, ukingoni mwa shimo. Kitupu. Shangazi alipokiona aliacha kuimba. Akina mama wote wanakijua: ndicho mama yake Kitheka alikuwa akitekea.

"Ikijaa, niletee," akaniambia. "Karatasi ya kutia kidole iko hapa." Akagonga mfuko wa koti. Amekwenda kusimama kando ya kitambaa chekundu, anatupa mgongo.

Saa kumi sasa. Jua limeegemea. Jumatatu, siku ya mwisho ya idhini, ni mtondo. Shimo limepita kichwa cha shangazi, simwoni, naona karai tu likitoka. Nondo ilisema mita mbili na nusu. Tumepita mbili. Nimeingiza mkono mara kadhaa, ni baridi, lakini baridi si maji, na mimi sitasema tena kitu kabla sijakiona.

Wimbo umeanza tena, mara hii wa juu wanaitikia.

Mchanga unaomwagwa kutoka kwenye karai haupeperuki tena. Unaanguka bonge zima na kukaa pale ulipoangukia. Nimemwona Kitheka akigeuza kichwa.

Wananiita. Zamu yangu.